Bushi za Baba Mkwe

Pikipiki ya Mzee Ambokile ulikuwa unaisikia kabla hujaiona. Inatelemka kutoka mlimani asubuhi na ukungu wake, dumu la maziwa limening'inia kushoto, na kwa nyuma huko inagonga: ko, ko, ko. Ikigusa lami ya Mbalizi ndiyo vituko vinaanza. Tairi la mbele linaenda zake sokoni, la nyuma kama linataka kurudi nyumbani. Watoto wa shule wakiiona wanapiga makofi, maana inakata mauno waziwazi, na aliyekaa juu yake ni mzee wa kanisa, kavaa koti na kofia ya sufi, kakaza uso kama anasoma matangazo ya misiba.

"Mzee, hiyo chombo inacheza kuliko kwaya ya vijana!" bodaboda wanamtania pale kijiweni.

Mzee anaongeza moto. Anapita.

Na hiyo ya kupita ndiyo ilikuwa inamuumiza Damari. Kijiwe chenyewe kiko mbele ya gereji yake, na ukutani kuna maandishi mekundu, makubwa, mtu aliyeko ndani ya basi anayasoma: DAMARI FUNDI PIKIPIKI. SHOKAPU, BUSHI, INJINI. Bodaboda wa Mbalizi karibu wote wanaleta vyombo kwake. Kuna wanaotoka Mbeya mjini, wanapita magereji mangapi njiani, wanakuja kwa Damari. Halafu baba mkwe wake, baba aliyemzaa mume wake, anapita pale pale mlangoni ko ko ko, anaenda kwa fundi wa stendi.

Sababu ilikuwa salamu.

Damari amekulia Nyololo, pale malori yanapopumzika yakitoka Mbeya au yakienda. Mama yake alitaka awe nesi. Alimzaa hospitali ya Tosamaganga, na anasema sista aliyempokea alimshika vidole akasema huyu ana mikono ya kazi. Kweli mikono ilikuwa ya kazi, ila ilipenda grisi. Akitoka shule tu anaenda kwa baba yake mdogo, Sedekia, ambaye alikuwa na gereji ya mabanzi kando ya barabara. Mwanzo anashika tochi, baadaye anashika spana, mwisho wateja wakawa wanamuuliza Sedekia, "Yule binti yuko wapi?" na Sedekia ananuna siku nzima.

Lusekelo, mume wake, naye alimpata hapo hapo. Alikuwa anatoka Iringa na pikipiki ya kuazima, mnyororo ukakatika. Damari akamuungia. Wiki iliyofuata Lusekelo akaja tena, eti breki. Breki nzima kabisa. Akaja tena, eti taa. Siku alipokuja na pikipiki isiyo na tatizo lolote, akashindwa hata kulitunga, Sedekia akamwambia, "Kijana, lete wazee wako, utaniharibia chombo za watu."

Basi wakaoana. Damari akaletwa mlimani kwa wakwe.

Sasa kwao Damari, mtu akija unampokea kwa mkono. Unampa "kamwene" ya nguvu, ndiyo salamu yao, mkono wake humuachii mpaka umeulizia nyumbani, shamba, ng'ombe na mvua. Usipofanya hivyo watu wanasema hujalelewa. Damari alikuwa kajiandaa njia nzima. Wanafika tu uani, anamuona mzee anatoka zizini na ndoo, gumbuti miguuni. Akajua ndiye. Akamkimbilia na mkono mbele, uso wote unacheka.

"Kamwene, baba!"

Mzee Ambokile alivyomuona, aliachia ndoo. Akageuka, akaingia shambani, mahindi yakamfunika. Gumbuti moja ikabaki kwenye tope, imesimama wima, peke yake.

Damari naye akabaki kasimama, mkono uko hewani.

Mama mkwe ndiye aliyemvuta ndani akamkalisha. "Mwanangu, hukuambiwa? Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Hamsalimii, hamuangalii, hawakai nyumba moja. Ukisikia anakuja, unapisha. Yeye akisikia upo, anazunguka. Ndiyo heshima yenyewe."

"Mpaka lini, mama?"

"Ah! Wengine wameshaacha. Huko mjini wanakula meza moja, wanaangalia na mpira. Ila huyu wa kwangu alihama Tukuyu akiwa kijana, na alichobeba kikubwa ni hizo mila."

Lusekelo alicheka mpaka akakaa chini. "Umemkimbiza mshua na kiatu kimoja!" Damari akacheka kidogo, kumfurahisha. Ila moyoni ilibaki. Alitoa heshima yake yote aliyofundishwa kwao, ikapokelewa kama matusi. Tangu siku hiyo mzee akipeleka maziwa kwenye migahawa, akikaribia gereji anageuzia uso upande wa pili, na pikipiki inapelekwa stendi.

Damari aliizoea ile ko ko ko. Alikuwa anaisikiliza inavyozidi. Anajua kabisa ni bushi. Usiku haumwi, mchana hana shida, mume anamheshimu, kazi ipo. Ila hiyo pikipiki ikipita anaweka spana chini. Anataka siku moja tu mzee aseme, hata kwa mtu, kwamba mkamwana wake ni fundi.

Sasa juzi hapa, soko limechangamka, Mika akaja anaisukuma. Mika ni bodaboda wa pale kijiweni, rafiki wa Lusekelo, mwembamba kama spoku na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Shem, pokea mgonjwa."

Damari akaitambua kabla hajainua kichwa. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe utamuonea wapi? Yuko hapo nyuma, kwenye mashine ya kusaga. Kajificha kama mtu anadaiwa na kikoba." Mika akashusha sauti, ambayo kwa Mika ni kama sauti ya mtu wa kawaida anayeita. "Fundi wa stendi kamwambia chasisi imepinda. Eti ikatwe, ichomelewe. Mzee kasema yeye kwenye kitu kilichokatwa hapandi. Anaiuza chuma chakavu, na maziwa anaachana nayo. Mama mkwe wako ndiye kampigia kelele, eti wewe mbona hujaipeleka kwa fundi aliyeko kwenu? Ndiyo kakubali. Ila kasema hivi: na mkamwana akisema imekufa, imekufa."

Damari akafuta mikono polepole. Mashine ya kusaga na gereji vimetenganishwa na ukuta wa mabanzi tu, na mabanzi yenyewe yana nafasi ya kupitisha kidole. Upande wa pili akina mama walikuwa wamekaa na madebe yao wanangoja umeme urudi. Kila kitu kinasikika.

"Muulize baba, inayumba zaidi kwenye lami au kwenye mashimo?"

Mika akageukia mabanzi. "Mzee, mkamwana anauliza..."

"Nimesikia," sauti ikatoka nyuma ya mbao, nzito. "Mwambie inayumba kwenye kona. Kwenye mashimo inagonga."

"Shem, kasema..."

"Nimesikia, Mika. Muulize dumu la maziwa analifunga upande gani."

"Mwambie kushoto. Kulia kuna ekzosi, maziwa yanapata moto, yanaharibika."

"Siku zote kushoto?"

"Mwambie kwani maziwa yana zamu?"

Akina mama wakacheka. Mika akaweka mikono kiunoni. "Sasa mimi hapa kazi yangu ni nini? Mnaongea wenyewe, mimi nasimama tu kama mlingoti!"

"Simama hivyo hivyo, kijana," mzee akasema. "Mimi naongea na wewe."

Damari akaisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa. Kwanza akachukua uzi, akauvuta kutoka tairi la nyuma mpaka la mbele, huku na huku. Tairi zote mbili zikalala kwenye uzi mmoja. Akapumua. Chasisi haina neno. Halafu akapiga magoti, akashika mkia wa pikipiki, akaunyanyua na kuushusha. Ko. Akaweka kidole pale shokapu ya kushoto inaposhikana na chuma chini, akanyanyua tena. Ko, ikamgonga kwenye kidole.

"Mwambie baba chasisi ni nzima."

Mabanzi yakalia, kama mtu kayaegemea: "Mwambie arudie."

"Chasisi ni nzima, imenyooka. Bushi za shokapu ndiyo zimekufa. Za kushoto zimekufa kabisa, za kulia zinajikongoja."

Mama mmoja akauliza huko nyuma bushi ni kitu gani, na Mika, ambaye aliajiriwa kuongea, akamueleza: ni kipande cha mpira mgumu, katikati kina bomba la chuma, kinakaa kwenye tundu la shokapu, juu na chini, ili chuma isigongane na chuma. "Kama goti lako, mama. Ule ute ukiisha, utasikia ko ko."

"Langu limeshaanza," yule mama akasema.

Kazi yenyewe Damari aliifanya kama anapika chakula cha mgeni. Akatoa shokapu ya kushoto peke yake, ya kulia akaiacha ishike mkia usianguke. Mpira wa zamani ulikuwa umeliwa upande mmoja, tundu limekuwa kama yai, na lile bomba la katikati limesagika mpaka linang'aa. Akaibana shokapu kwenye vaisi, akasukuma uchafu wote kwa spana ya boksi na nyundo, akasafisha tundu kwa msasa mpaka chuma ikawa nyeupe. Bushi mpya hakupaka grisi. Wengi wanapaka grisi ili iingie upesi, na grisi inakula mpira. Yeye alipaka povu la sabuni, akaibana pole pole na vaisi, ikaingia inalia kama kiatu kipya. Akafanya ya juu, akafanya ya chini. Akahamia kulia. Muda wote alikuwa anaimba chini chini, wimbo wa kwao, hajui kama anaimba.

Akarudisha shokapu zote, akaweka nati, akazikaza kwa vidole tu, akaishusha pikipiki kwenye stendi. Hapo akasimama.

Sedekia alikuwa na sheria moja hataki mtu aivunje. Nati ya mwisho ya shokapu haikazwi mpaka mwenye pikipiki amekaa juu, na mzigo wake. Ukiikaza wakati pikipiki imening'inia, ule mpira unashikwa vile vile ulivyo, halafu mtu akikaa unajisokota. Anatembea nao umesokotwa asubuhi mpaka jioni, na mvua za mbele hazifiki, umeshachanika.

"Mika, kaa."

Mika akapanda. Pikipiki haikushuka hata kidogo.

"We unakula kweli?"

"Shem, usinianze."

Akamuongezea gunia la mahindi aliloazima kule mashineni. Ikashuka, lakini gunia linalalia upande, Mika analikumbatia kama mchumba, springi moja imebonyea kuliko nyingine. Ingewezekana akaze tu. Fundi wa haraka angekaza, mteja angeondoka anafurahi, na ko ko ingerudi baada ya miezi. Ila ko ko hiyo sasa ingekuwa ya Damari. Mbalizi yote ingesema, hata mkamwana wake kashindwa.

Akaweka spana begani. "Mika, shuka. Mwambie baba inabidi akae mwenyewe."

Upande wa pili akina mama wote wakamgeukia mzee, hata yule wa goti. 

"Mzee," Mika akasema, kwa mara ya kwanza kwa adabu, "umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

Mzee akakohoa. "Muulize hakuna njia nyingine?"

"Mwambie ipo," Damari akasema, "lakini siyo ya kumfanyia baba yangu."

Kuku akapita katikati ya gereji, akatoka. Halafu mzee akasema, "Mwambie nitakuja. Ila aangalie chini."

"Mwambie kazi yangu iko chini. Nati hazikai usoni kwa mtu."

Akina mama wakapasuka kicheko, na ndani ya kicheko kile, Damari angeweza kuapa, kulikuwa na sauti moja nzito ya kiume.

Mzee Ambokile akaja kinyumenyume. Kweli, akazunguka ukuta wa mabanzi akiwa ametanguliza mgongo, mikono kaiachia pembeni, na Mika anamuelekeza kama tandiboi anayeingiza lori stoo. "Njoo, njoo, njoo... kata kushoto, mzee... kushoto ni huku! Njoo... usikanyage oili... hapo! Vuta breki!"

Damari alikuwa kajikunyata nyuma ya tairi, macho kwenye nati. Mama mmoja akaleta kitenge chake, wakakitundika kwenye keria kama pazia. Dumu la maziwa wakaligawa: Damari alishasema mzigo wa upande mmoja ndio uliozila bushi za kushoto, kwa hiyo madumu mawili madogo, moja huku moja huku, na upande wa ekzosi alishafunga ubao na kipande cha bati kuzuia moto. Wakayajaza maji. Mzee akapanda, uso ukaangalia barabarani.

Pikipiki ikashuka, taratibu, sawasawa pande zote, ikatulia.

"Hapo hapo," Damari akanong'ona, siyo kwa mtu, kwa pikipiki. Akaanza kukaza.

Ndipo mtu akaita toka barabarani, "Boda! Uyole!" Na Mika, maana abiria wa Uyole haokotwi kila siku, akasema "nakuja sasa hivi" na akawa ameshawasha.

Wakabaki wawili. Mzee mbele ya kitenge, Damari nyuma yake, na mtafsiri hayupo.

Damari alikuwa anaona visigino vya gumbuti tu. Moja ilikuwa na kiraka cha mpira kisiginoni, na akajiuliza kama ndiyo ile iliyobaki kwenye tope. Akamaliza kushoto, akahamia kulia. Spana ikatoa ile sauti ya mwisho, nati imegoma, imeshika. Sasa alitaka mzee anese, asikilize. Atamwambiaje? Akafikiri, halafu akagonga chuma cha keria kwa spana, mara mbili, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

Mzee akaelewa. Akanyanyuka kidogo kwenye siti, akajiachia. Akanesa, akanesa tena, kwa nguvu, mzee mzima na koti lake.

Hakuna ko.

Damari akavuta kitenge, mzee akapiga kiki, akaingia barabarani. Kijiweni bodaboda walisimama wote, wamejiandaa kucheka. Pikipiki ikaenda mpaka kwenye kona ya sokoni, ikalala vizuri kwenye kona, ikainuka, mkia unafuata kichwa kama inavyotakiwa. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja tu akasema, "Mauno yameisha," kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Mzee akarudi. Akasimama barabarani mbele ya gereji, injini inaunguruma, mgongo ameugeuzia mlango. Damari alikuwa bado yuko chini, anakusanya spana.

Mzee akawaza kitu. Unaona mtu kwa mgongo tu kwamba anawaza.

"Kamwene," akasema. Aliisema vibaya, kwa ulimi wa Tukuyu, ila ilisikika mpaka mashineni. "Kamwene, mwanangu. Ndaga fijo." Ndiyo asante sana ya kwao Tukuyu.

Na akanyanyua mkono juu, bila kugeuka, kiganja wazi, akauacha hewani.

Damari akainuka. Mikono ilikuwa imejaa grisi na povu la sabuni. Akanyanyua wa kwake, kule nyuma, mahali ambapo mzee hawezi kuuona.

"Kamwene, baba. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Ng'ombe?"

"Wanakamuliwa."

"Mvua?"

"Imekuja, siyo mbaya." Mzee akashusha mkono, akaingiza gia. "Mwambie Lusekelo aje achukue maziwa yenu."

Mika alirudi jasho linamtoka, kakuta pazia la kitenge limeshakunjwa. "Mzee kaenda? Kasemaje?"

"Kasema ng'ombe wanakamuliwa."

"Hayo tu? Nimeacha abiria wa kurudi kwa sababu ya ng'ombe?" Akatazama mikono ya Damari, akamtazama usoni. "Shem, mbona unacheka peke yako?"

Mzee na mkamwana wake bado hawaonani, mila ni mila. Pikipiki ikitakiwa oili, inaletwa, mwenyewe anazunguka kwenda kukaa na akina mama wa mashine, na mazungumzo yanapita kwenye mabanzi huku Mika akilalamika kwamba kanyang'anywa kazi. Maziwa ya kwa Damari yanafika kila asubuhi.

Shida ni moja imebaki. Sasa hivi pikipiki haigongi tena. Inashuka mlimani kimya, unaweza ukaikosa. Kwa hiyo mzee akifika mbele ya yale maandishi mekundu, anaangalia upande wa pili kama zamani, halafu anapiga honi.